Mkwaju Ulioangukia Tembe ya Loisi

Loisi alikuwa na msonyo ambao watu wa kijiji chake waliuogopa kuliko matusi. Hakuutoa ovyo. Alingoja mtu amalize kusema, akamtazama kuanzia nyayo mpaka utosi, kisha akasonya mara moja tu, kwa urefu na ukavu, kama mtu anayechana kitambaa kipya. Baada ya hapo hakuongeza neno. Aliyesonywa alijiondokea mwenyewe, akijua kwamba amekwisha kupimwa na uzito wake umeonekana.

Jina la Loisi alilipata uzeeni, alipobatizwa katika misheni ya Buigiri. Wakati wa habari hii alikuwa bado hajabatizwa, lakini ndilo jina ambalo wajukuu zake wanamjua nalo, basi tulitumie. Zilikuwa enzi za Wajerumani, reli ilikuwa imekwisha kupita Gulwe na kufika Dodoma, na Loisi alikuwa mjane mwenye nguvu zake, akiishi kando ya barabara ya zamani ya misafara. Nyumba yake ilikuwa tembe kama tembe nyingine za Wagogo: ndefu, yenye kimo kifupi, na paa bapa la udongo ulioshindiliwa juu ya nyasi, fito na boriti. Mgeni akiitazama kwa mbali aliweza kudhani ni tuta la ardhi, mpaka aone moshi ukitoka.

Mumewe alipofariki, wakwe walitaka arithiwe na shemeji yake, ambaye naye baadaye alibatizwa Yoramu. Yoramu alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa wa namna ya kuudhi: alikubaliana na kila aliyezungumza mwisho. Loisi alimtazama Yoramu kuanzia nyayo mpaka utosi. Shauri la kurithiwa likaishia hapo.

Mtu mwingine ambaye Loisi alimpima mapema ni Athuman, jumbe wa kijiji.

Athuman alizaliwa pale pale, akaitwa Ndahani, na Loisi, alipokuwa msichana, ndiye aliyembeba mgongoni wakati mama wa mtoto alipokwenda shamba. Alipokua alifuatana na msafara hadi Bagamoyo, akakaa huko mvua mbili tatu, akarudi na kanzu, kofia, fimbo ya mkwaju na jina jipya. Hakuna aliyemlaumu kwa kanzu. Waswahili wa Dodoma waliokuwa wakiuza chumvi na nguo walivaa kanzu pia, wakaswali saa zao zikifika, na Loisi aliwaheshimu. Lakini Athuman hakuwahi kuonekana akiswali hata siku moja. Kanzu kwake ilikuwa ya kutishia watu.

Wajerumani walipotafuta mtu wa kuwa jumbe, Athuman alikwenda Bomani akaapa, wazee wa kijiji wakiapa pamoja naye, kwamba yeye ni Mgogo wa ukoo wa watawala, mtoto wa mtoto wao. Akapewa kiti. Aliporudi kijijini akawaita watu wale wale wa ukoo wake washenzi. Hakuitikia tena salamu ya Kigogo. Ukimwambia "Mbukwa" alitazama pembeni kama mtu aliyesikia mbuzi akikohoa. Alitaka shikamoo, na aliitaka kwa kila mtu, hata kwa Loisi.

"Nikuamkie shikamoo?" Loisi alimwuliza siku moja, kisimani. "Wewe, uliyeniloweshea mgongo mpaka ngozi ya mbuzi niliyokubebea ikaoza?"

Wanawake wakaangua kicheko mpaka wengine wakaweka mitungi chini. Tangu hapo Athuman alikuwa na chuki na Loisi, ila hakuwa na pa kuanzia.

Pakapatikana. Habari ilifika kwamba Bwana Mkubwa wa Boma angepita barabara ile baada ya mavuno. Athuman akataka barabara inyooke kama kamba. Mahali ilipopinda palikuwa na mkwaju mkubwa, ambao wapagazi wa zamani walikuwa wakitua mizigo chini yake, na tembe ya Loisi ilikuwa upande wa pili wa mti huo. Athuman akaamuru mtaro wa barabara mpya uchimbwe shinani kabisa mwa mkwaju.

Loisi alisimama akaangalia majembe yakikata mizizi minene kama mapaja ya mtu.

"Ndahani," akasema, "huo mti unaukata miguu. Ukianguka utaangukia kwangu."

"Jumbe Athuman," akasahihisha yeye. "Na mti huu umesimama hapa tangu babu zako. Mwanamke anajua nini habari za barabara?"

Loisi akasonya. Wachimbaji wakainamisha vichwa wasionekane wakicheka. Mtaro ukaendelea. Bwana Mkubwa, kwa taarifa ya msomaji, alipita kwa treni.

Upepo wa kwanza wa masika ulipokuja, ule unaotangulia mvua na kuinua vumbi jekundu mpaka mtu haoni ng'ombe wake, mkwaju ulilala. Haukuvunjika. Uling'oka wote, upande wa mtaro ukiwa hauna hata mzizi mmoja wa kuushikilia, ukaanguka juu ya tembe ya Loisi kwa kishindo kilichowatoa watu mashambani. Loisi alikuwa uani akipepeta. Alipogeuka, nusu ya nyumba yake ilikuwa imezama, na matawi yalikuwa yamekaa mahali pa paa.

Chini ya nusu hiyo ndipo vilindo vyake vilipokuwa. Kilindo ni lile pipa la magome ya mti ambalo Mgogo huhifadhia nafaka. Huundwa ndani ya nyumba, nalo ni kubwa kuliko mlango, halitoki mpaka nyumba ivunjwe. Mtama wote wa Loisi wa kula mpaka mavuno yajayo, na mbegu za kupanda, ulikuwa humo. Boriti mbili zilikuwa zimekatika. Ya tatu ilikuwa imepinda, ndiyo iliyokuwa ikizuia gogo lisivisage vilindo vyote. Mtu mwembamba aliweza kutambaa kwa nyuma akakifikia kimoja na kuchota cha kupikia. Vingine havikufikika mpaka gogo likatwe vipande na kuondolewa. Na juu ya yote anga ilikuwa wazi, mawingu yanajikusanya kila alasiri. Mtama ukinyeshewa ndani ya kilindo huota na kuoza. Mwenye nyumba atakula nini, hakuna wa kumjibu.

Majirani walikuja na mashoka bila kuitwa. Kabla shoka la kwanza halijagusa gogo, Athuman alifika, kanzu imekunjwa mkononi isichafuke.

"Wekeni chini!" akasema. "Mti wa kando ya barabara ni mali ya Serikali. Asiuguse mtu mpaka nipate amri ya Boma."

"Amri hiyo ni ya mti uliosimama," akasema mzee mmoja. "Huu umelala."

"Wewe ndiwe unayejua amri za Boma? Atakayeutia shoka atakula hamsa ishirini, na mimi mwenyewe nitamshika miguu."

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano, na kila mtu aliyekuwapo alikuwa ama ameviona ama amevipata. Mashoka yakashuka. Kisha wote wakamwona Athuman akilizunguka gogo, akilipima kwa fimbo yake, akipapasa gome kama mtu anunuaye fahali. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Alikuwa amezungumzia mwaka mzima mlango aliouona Bagamoyo, wenye miimo mipana na nakshi, na fundi wa Dodoma aliyesema angeweza kumchongea kama angepatiwa gogo zima la mti mgumu. Gogo likikatwa vipande ili litolewe juu ya nyumba, mlango haupo. Alihitaji libaki zima mpaka fundi aje na misumeno. Fundi alikuwa na kazi nyingi.

"Na mtama wangu?" Loisi akauliza.

"Mtama wako mwombe aliyeuangusha mti."

"Ndiye ninayezungumza naye."

Athuman akarudi kulipima gogo lake. Yoramu, ambaye alikuwa amesimama na shoka lake mgongoni, akasema kwa sauti ya huruma, "Shemeji, tungoje kidogo. Jumbe naye ana wakubwa wake."

"Nenda nyumbani, Yoramu," Loisi akamwambia. "Shoka lako linaona haya."

Wakangoja. Fundi hakuja. Manyunyu yalipita alasiri moja, yakalowesha kilindo kilichokuwa ukingoni, na siku zilizofuata Loisi alipotambaa ndani alisikia harufu mbichi, ya mtama unaoanza kuota. Alitoka amepakaa udongo mpaka kope, akaketi uani, akaanza kutwanga kile kidogo alichochota. Watu waliopita njiani walimpa pole. Aliwadharau kwa pole zao. Kila mmoja alikuwa na mikono yake miwili yenye vidole kumi, na yote ilikuwa imefungwa na kanzu moja.

Hapo ndipo alipokuja Jaha.

Jaha alikuwa Mnyamwezi. Zamani alipita na msafara akibeba pembe ya ndovu, akaugua, akaachwa karibu na kisima afe. Mume wa Loisi ndiye aliyemwokota. Akapona, akaoa huko Makole, Dodoma, na sasa alikuwa akifanya kazi ya kusafisha njia ya reli pamoja na Wanyamwezi wenzake. Mnyamwezi na Mgogo ni watani, basi yeye na Loisi hawakuwahi kusalimiana kwa maneno mazuri tangu walipojuana.

"Bado hujafa, ewe mla maziwa yaliyoganda?" Jaha akaita toka nje.

"Nakungoja wewe utangulie, shingo fupi. Pembe za watu zimekudidimiza mpaka kichwa kimeota mabegani."

"Naona nyumba yako imevaa kilemba." Akalizunguka gogo, akacheka mpaka akashika mbavu, kama utani unavyotaka. Kisha akachungulia ndani, akaacha kucheka. "Mbona hawajautoa?"

Loisi akamweleza. Alieleza kwa ufupi, na kila jina alilolitaja alilitema.

"Wagogo!" Jaha akasema. "Watu wazima, mashoka mnayo, mnamwogopa mtoto mliyemfuta makamasi. Kwetu nyumba ya mtani ikipata msiba, tunakwenda kunyang'anya. Tunachukua kuku, tunachukua chungu, tunachukua na kinu. Na mwenye nyumba akinuna anatoa mbuzi. Huku kwenu hata cha kunyang'anya hakuna, ila huu mti."

Mchi wa Loisi ukasimama hewani.

"Sema tena."

"Nini? Kwamba hamna cha kunyang'anya?"

"Jaha," Loisi akasema, akiuweka mchi chini taratibu, "njoo uniibie."

Walikuja siku ya mapumziko, Wanyamwezi wa reli, kundi zima, na mashoka na kamba na ngoma moja. Walikuja wakiimba jinsi Wagogo wanavyopaka majivu badala ya kuoga. Loisi alikuwa amekwisha kuwaita wazee wa ukoo, akawaketisha uani kwenye vigoda, mahali ambapo hakuna ambaye angeweza kusema hakuona. Aliwaambia tu kwamba watani wanakuja kumpa pole. Wazee walipouona msafara ule na yale mashoka, walielewa, wakatazamana, na mmoja akaomba tumbaku ili apate la kufanya na mdomo wake.

"Hodi kwa wafu!" Jaha akapiga kelele. "Tumesikia mtani wetu kaangukiwa na nyumba. Tumekuja kuchukua mali yake!"

"Chukueni, fisi nyie," Loisi akajibu. "Mmenusa toka lini?"

Shoka la kwanza likaingia katika gogo, la pili likafuata. Walijua kazi. Walifunga kamba kwenye upande uliokuwa umeegemea ile boriti iliyopinda, wakautegemeza kwa magogo madogo, ndipo wakaanza kukata kutoka kileleni. Tayari walikuwa wamekwisha kuangusha kipande kizima uani Athuman alipotokea, safari hii kanzu inaburuta.

"Nani kawapa ruhusa? Nani?"

"Ruhusa?" Jaha akajipangusa jasho. "Mwizi huomba ruhusa? Tunamwibia mtani wetu."

"Huo mti si wa huyu mwanamke!"

"Vizuri. Ni wa nani?"

"Ni..." Athuman akaona wazee wamemkazia macho. "Uko chini yangu. Mimi ndiye jumbe."

"Jumbe wa Wagogo?"

"Wa Wagogo."

"Basi ni mti wa mtani mkubwa zaidi," akasema Jaha, akawageukia wenzake. "Kateni kwa nguvu, jamani! Huyu hapa ndiye baba yao wapaka majivu wote!"

Ngoma ikalia. Na hapo, kwa sababu ya ile sauti ya ngoma, na kicheko, na kwa sababu tangu siku ile ya kisimani hakuna mtu aliyemcheka usoni, Athuman akasema neno ambalo hakupaswa kulisema.

"Mimi si Mgogo wa kutaniwa na wapagazi! Mimi ni mtu wa pwani!"

Ngoma ikanyamaza yenyewe. Loisi akainuka. Hakusonya. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu mbuzi.

"Wazee, mmesikia. Jumbe wetu si Mgogo. Alipokwenda Bomani kuapa kwamba ni mtoto wa ukoo, na ninyi mmesimama nyuma yake, aliwadanganya Wajerumani. Sasa kiti hiki ni cha nani?"

Yule mzee wa tumbaku akatema pembeni. "Nami niliapa," akasema. "Ikiwa yeye si Mgogo, nami nitaulizwa Bomani kwa nini niliapa. Itanibidi niende nikaseme kweli mapema, kabla sijaulizwa."

Athuman alitazama huku na huku. Alimwona Yoramu katika kundi la watu, akamkodolea macho ya kuomba msaada. Yoramu, kwa kuwa mzee ndiye aliyezungumza mwisho, akatikisa kichwa kukubaliana na mzee.

"Sikusema hivyo," Athuman akasema.

"Ulisemaje?"

"Mimi ni Mgogo."

"Sauti," Loisi akasema. "Watani wako wako juu ya paa, hawasikii."

"Mimi ni Mgogo!"

"Basi umetaniwa," Jaha akasema kwa furaha, "na umenuna. Watu wote wameona. Mbuzi yuko wapi?"

Desturi iko wazi: anayetaniwa hulipiza kwa utani, wala hanuni. Athuman alikuwa na njia moja ya kujitoa, yaani kutukana vizuri kuliko alivyotukanwa. Mtoto yeyote wa Kigogo angeweza. Alifungua mdomo, watu wakatega masikio, hata walio juu ya paa wakashusha mashoka.

"Ninyi Wanyamwezi," akasema, "ni... ni wabaya."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kisimani. Jaha alilala chini kabisa, akapiga ardhi kwa viganja. Mbuzi aliletwa, mweupe, mwenye kilema cha sikio, maana hata katika aibu Athuman alichagua aliye dhaifu. Wanyamwezi wakamchinja, wakala, wakamaliza kazi. Hakuna aliyetajiwa hamsa ishirini tena. Jumbe angekwenda Bomani kusema nini? Kwamba alitaniwa akanuna?

Gogo lilitoka vipande vipande. Jua halijashuka, majirani walikuwa wamejaa juu ya tembe, sasa kila mmoja jasiri, kila mmoja akimwelekeza mwenziwe. Loisi aliwagawia kazi kwa kidole. Boriti zilizokatika alizibadilisha kwa matawi manene ya ule ule mkwaju. Juu yake fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo wa kichuguu ulioshindiliwa kwa miguu, wanawake wakiimba. Vilindo vyote vilikuwa vizima isipokuwa kile cha ukingoni. Mvua ilipokuja kwa kweli, siku chache baadaye, Loisi alikaa ndani akaisikiliza ikipiga juu ya paa. Halikupita hata tone moja.

Vipande vya gogo Wanyamwezi walivichukua kama ngawira. Walichonga vinu. Mpaka leo wapo watu Makole wanaosema kinu cha bibi yao kilitoka katika mlango wa jumbe.

Kile kilindo kimoja kilichoota, Loisi hakukitupa. Mtama ulioota ndio kimea, na bila kimea hakuna pombe. Aliuanika, akausaga, akapika. Kwa kawaida mtu hupika pombe kwanza ndipo awaite watu wamjengee; yeye alijengewa kwanza. Akaita kila aliyeshika udongo na kila aliyeshika shoka. Yoramu alifika wa kwanza, akaketi karibu na mtungi, akawaeleza waliofuata jinsi walivyomkomesha jumbe.

Athuman naye alikuja. Hakualikwa wala hakufukuzwa. Mlango wa tembe ni mfupi, kila anayeingia huinama, na alipoinama kofia ikamwanguka, akaiokota mbele ya magoti ya watu.

"Mbukwa, mama," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Bagamoyo. Nyumba nzima ikangoja ule msonyo. Loisi alikuwa akichota pombe. Alimtazama, lakini hakuanzia nyayo wala hakufika utosi; alimtazama kama mtu anavyotazama mahali pa kupita.

"Mbukwa, Ndahani. Kaa hapo kwa Yoramu."

Akampa kata yake kama alivyowapa wengine, akageuka kumtukana Jaha aliyekuwa akidai kata ya pili. Wazee waliokuwapo walisema baadaye kwamba ingekuwa heri angemsonya.